Klova ya Kulungu kwenye Mchanga wa Michigan: Mwaka wa Kwanza Usiipande

Kama umenunua kishamba kaskazini mwa Grand Rapids, pande za Newaygo au Lake County, na unataka kulungu waje kwako badala ya wewe kuhangaika kuwafuata msituni, nakushauri jambo moja kabla hujafungua pochi: mwaka wa kwanza acha klova, ule mmea mdogo wa jamii ya kunde ambao kulungu wanaupenda, shughulika na udongo. Klova itakuja mwaka wa pili, na ikija kwa utaratibu huo itakaa.

Najua si habari tamu. Shemeji yangu alinunua mfuko wa mbegu wenye picha ya dume la pembe kubwa, akanipigia simu theluji bado iko nje.

"Shemeji, hapa wameandika rusha tu halafu ondoka. Mvua inamalizia."

"Shemeji, aliyeandika huo mfuko hajui shamba lako liko wapi."

Maelekezo ya namna hiyo yanaweza kukubali kwenye udongo mzito wa mahindi, kusini mwa jimbo. Huku kwetu mvua ikinyesha asubuhi, jioni unapita shambani na viatu vikavu.

Ninayoeleza hapa ni ya eneo dogo, robo ekari hivi, yaani kama mita 25 kwa 40, kwa mtu asiye na trekta ila ana nguvu za wikiendi na labda pikipiki ya magurudumu manne ya kuazima. Mwenye trekta afuate hayo hayo, tofauti ni kwamba mgongo wake utapona.

Chimba kwanza

Chukua beleshi uchimbe shimo la kufika gotini, mahali ambapo hapajawahi kulimwa. Juu kuna tabaka jembamba jeusi la majani yaliyooza. Ukilipita unakuta mkanda wa rangi ya majivu, wakati mwingine karibu mweupe. Chini ya mkanda huo rangi inageuka ghafla kuwa kahawia yenye wekundu wa kutu, kisha inafifia kidogo kidogo mpaka kwenye mchanga mtupu wa manjano. Huo ndio mchanga wa Kalkaska, udongo rasmi wa jimbo la Michigan tangu 1990. Ule mkanda wa majivu ndio wa kuutazama sana. Maji ya mvua na ya theluji, yakiwa na uchachu wa majani yaliyooza ya msitu, yamepita hapo kwa maelfu ya miaka yakisomba chuma na virutubisho kwenda chini. Wekundu unaouona chini yake ni hicho chuma kilikokwenda kutua. Potashi, boroni na salfa zinafuata njia hiyo hiyo, na mbolea utakayoinunua nayo itafuata ukiimwaga yote siku moja.

Ardhi hii ilikuwa na misonobari mikubwa iliyokatwa yote karne ya 19. Wakaja wakulima, wakalima mpaka udongo ukachoka, wengi wakafungasha. Sehemu kubwa ya eneo waliloliacha ndiyo leo Msitu wa Taifa wa Manistee, uliotangazwa 1938. Kwa hiyo ukiona uwanda wa nyasi kavu katikati ya miti na ukadhani Mungu amekuandalia shamba tayari, fahamu kuna mtu alishalijaribu akashindwa. Na kama umepakana na msitu huo, tafuta alama za mpaka vizuri. Huwezi kwenda kupanda vitu vyako kwenye ardhi ya serikali.

Magugu nayo yanasema. Ukiona mmea mfupi wenye majani ya umbo la ncha ya mkuki, na mashina yake yanafanya eneo lionekane jekundu mwezi wa sita, chuma jani moja utafune. Likiwa chachu kama ukwaju, hapo uchachu wa udongo uko juu na klova itadumaa. Gugu la pili ni lile la maua ya zambarau, lenye shina gumu na majani ya kijivu, limejaa kandokando ya kila barabara huku. Wafuga nyuki wanalipenda mno kwa asali yake, sisi wa mashamba hatuna sababu ya kulipenda. Ling'oe ukiwa na glavu, mvua ikiwa imenyesha karibuni, kwa sababu mzizi wake mrefu ukikatikia ndani unachipua tena.

Mahali penyewe

Kwenye mchanga maji ndiyo kila kitu. Mchanga mtupu unaweza kuhifadhi kama milimita 60 za maji yanayotumika na mmea katika kila mita moja ya kina, wakati udongo tifutifu unahifadhi zaidi ya mara mbili ya hapo. Jua la mwezi wa saba linayamaliza hayo maji ndani ya siku chache. Kwa hiyo usichague kilima kwa sababu tu unaona mbali. Tafuta bonde, hata kama ni bonde la kushuka mita moja tu, mahali ambapo nyasi zinabaki za kijani wiki mbili baada ya kwingine kukauka. Njia nzuri ya kulijua ni kwenda shambani mwezi wa nane kabla ya kuamua lolote, ukatembea na kutazama chini.

Kivuli kinasaidia pia. Eneo refu linaloelekea mashariki na magharibi, lenye miti upande wa kusini, linapata nafuu ya jua la mchana. Lakini miti inakunywa. Mita tatu nne za ukingoni mara nyingi zitakuwa dhaifu kwa sababu mizizi ya mialoni imeshafika hapo kabla yako, kwa hiyo usihesabu ukingo kama shamba. Mimi naacha ukingo huo uote chochote unachotaka, na kulungu wanapenda kusimama hapo kabla ya kutoka wazi.

Chokaa

Hapa ndipo pesa ya maana inatakiwa kwenda, na ndipo watu wengi wanabana. Klova inataka pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) kati ya 6 na 7. Mchanga wa huku ambao haujaguswa unaweza kuwa 5 na kitu, au chini ya hapo penye misonobari. Kwenye uchachu huo bakteria wa mizizi ya klova hawafanyi kazi vizuri, na mbolea unayoweka mmea unaipata kwa shida.

Pima udongo maabara. Chota kwa beleshi au bomba sehemu kumi na kitu za eneo lako, kina cha sentimita 15, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, peleka kiasi kidogo. Ugani wa Chuo Kikuu cha Michigan State utakuelekeza namna ya kutuma. Vile vijiti vya kuchomeka ardhini vinavyouzwa dukani sivitumii kabisa. Mchanga mkavu unavichanganya.

Majibu yakirudi utaambiwa kiasi cha chokaa kwa ekari. Mchanga una nafuu moja: kwa kuwa hauna nguvu ya kushikilia uchachu, unahitaji chokaa kidogo kuliko mfinyanzi ili pH ipande kiasi kile kile. Hasara yake ni kwamba pH inashuka tena haraka, kwa hiyo utapima kila baada ya miaka miwili mitatu na kuongeza kidogo. Tuseme umeambiwa tani moja na nusu za Kimarekani kwa ekari, yaani paundi 3,000. Robo ekari ni paundi 750, ambayo ni mifuko 19 ya paundi 40. Beba taratibu, hilo si gari la safari moja kwa pikapu dogo lililochoka.

Chokaa ya vidonge ni rahisi kurusha na haipeperuki, ndiyo faida yake. Muuzaji akikwambia vidonge vina nguvu mara nne kwa hiyo ununue robo tu ya kiasi ulichoambiwa, muage kwa heshima. Kilo ya chokaa ni kilo ya chokaa. Kinachotofautisha ni usagaji wake na ubora wa jiwe. Ukipata ile yenye magnesiamu, ichukue, kwa sababu mchanga huu huwa na upungufu huo pia. Irushe mapema mwaka wa kwanza, mwezi wa nne au wa tano, uichanganye na udongo kwa haro au reki nzito. Chokaa haifanyi kazi kwa wiki mbili. Inahitaji miezi sita au zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuniona nasisitiza mwaka mzima wa kusubiri.

Mwaka wa udongo

Sisi tuliokulia Ruvuma tulimaliza ubishi huu zamani. Mahindi yakigoma, mtu anaotesha marejea, mmea wa kurutubisha udongo, anaacha ikue, anaifukia, ndipo anarudi na mahindi. Hakuna aliyeita hiyo ni hasara ya msimu. Hapa kazi ya marejea inafanywa na mimea miwili, bakwiti (buckwheat) na nafaka ya rai.

Mwezi wa tano nyasi zikiwa zimechipua vizuri, ua majani yaliyopo. Wengi wanatumia glaifoseti. Ukiitumia soma lebo, vaa glavu, na usipige siku ya upepo. Asiyetaka dawa afunike eneo kwa turubai jeusi au aparuze juu juu mara kadhaa kila magugu yanapochipua. Usilime kwa kina. Ukigeuza mchanga huu unapandisha ule wa majivu na kuzika ule mweusi, halafu unyevu wote uliokuwa chini unaondoka na upepo mchana ule ule.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita, hatari ya jalidi ikiisha, rusha bakwiti, kilo 6 au 7 kwa robo ekari, ufunike kidogo. Inaota ndani ya siku chache na inafunika ardhi haraka kiasi kwamba magugu mengi yanakosa mwanga. Baada ya wiki tano au sita inatoa maua meupe na nyuki wanajaa. Ilaze kabla mbegu hazijakomaa, kwa kufyeka au kwa kuikanyaga na roli, la sivyo itajiotesha yenyewe. Kulungu wataila njiani, waache.

Mwishoni mwa mwezi wa nane au mwanzoni mwa wa tisa, mvua ikikaribia, rusha rai, kilo 12 hivi. Angalia unachonunua: unataka ile rai ya nafaka, ya kusaga unga, siyo nyasi ya bustani yenye jina linalofanana nayo, kwa sababu hiyo nyasi ukishaiingiza shambani utapigana nayo miaka. Rai ni mmea wa maskini kwa maana nzuri. Inaota kwenye mchanga mchachu, inavumilia baridi, mizizi yake inashika virutubisho ambavyo vingepotea chini, na inabaki ya kijani theluji ikiwa imeanza. Kwa hiyo mwaka huo wa "kusubiri" bado utakuwa na chakula shambani tarehe 15 Novemba msimu wa bunduki unapofunguliwa. Shemeji aliposikia hivyo uso ulirudi.

Majira ya kuchipua rai inainuka mpaka kifuani. Ikianza kutoa maua, mwishoni mwa mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa sita, ilaze chini. Hilo tandiko la mabua ndilo litakaloutunzia mchanga unyevu wake. Unaweza kurusha bakwiti tena katikati yake kabla ya kiangazi kukaza.

Kuhusu samadi: kama una jirani mwenye farasi anayetaka kukupa bure, pokea iliyooza, lakini muulize malisho yake yalipigwa dawa gani. Kuna dawa za kuua magugu ya majani mapana kwenye malisho, kama aminopyralidi, ambazo zinapita tumboni mwa farasi zikiwa hai na kukaa kwenye samadi muda mrefu. Klova ni jani pana, itakufa. Jaribu kwanza: changanya samadi hiyo na udongo kwenye kopo, panda maharage matatu, na kwenye kopo jingine panda maharage kwenye udongo mtupu. Majani mapya ya kopo la samadi yakijikunja na kusinyaa kama kikombe huku ya kopo la pili yakiwa sawa, mrudishie jirani shukrani bila kuchukua mzigo.

Klova gani?

Nyeupe ndiyo inayotangazwa sana, na ni nzuri kweli: inakaa miaka mitatu mpaka mitano, inatambaa na kujaza mapengo. Ila mizizi yake iko juu juu. Kwenye mchanga wa kilimani inakauka mwezi wa saba ukiitazama. Ipande kwenye ile sehemu ya chini yenye unyevu.

Nyekundu ndiyo naitegemea. Ina mzizi mkuu unaoshuka, inavumilia ukame na uchachu zaidi ya nyeupe, na inachipua haraka baada ya kuliwa. Haikai sana, miaka miwili au mitatu, lakini mbegu yake si ghali na ukiiacha itoe maua mwishoni mwa kiangazi inajipandikiza kiasi. Kuna pia ile ya maua marefu mekundu ya damu, inayosifiwa sana kwa udongo wa kichanga. Sifa hizo ni za Georgia na Alabama, ambako inapita majira ya baridi bila shida. Huku baridi kali inaweza kuiua yote, kwa hiyo ihesabu kuwa ya msimu mmoja.

Pamoja na klova ongeza chikori. Majani yake mapana yanafanana na mchicha mkubwa, mzizi wake unashuka chini sana, na katikati ya kiangazi klova ikiwa imelala yeye bado amesimama na kulungu wanamla mpaka kisiki. Kwa robo ekari mimi nachanganya klova nyekundu zaidi kidogo ya kilo moja, nyeupe gramu 230 hivi, na chikori gramu 200. Usizidishe ukidhani unasaidia. Kilo moja ya klova nyeupe ina mbegu zaidi ya milioni moja na nusu. Zikibanana zinagombania maji ambayo hayapo.

Mbegu nyingi zinauzwa zikiwa zimepakwa ganda la rangi. Ganda hilo linaweza kuwa theluthi moja ya uzito au zaidi, soma lebo ndogo ya nyuma na uongeze kiasi. Ndani ya ganda huwa kuna wale bakteria wanaoishi kwenye mizizi na kuipatia klova naitrojeni kutoka hewani. Mbegu tupu unaipaka mwenyewe: nunua pakiti ya bakteria wa klova hasa (wa soya hawafai), lowesha mbegu kidogo, changanya, panda siku hiyo hiyo. Pakiti hiyo ni kiumbe hai. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari mwezi wa nane utapaka mbegu vumbi lililokufa.

Na kwa kuwa klova inapata naitrojeni yake kutoka hewani, usinunue mbolea ya 12-12-12. Naitrojeni yake itanenepesha nyasi tu. Klova ya mchangani inataka fosforasi kama kipimo kimesema, na potashi karibu kila mara.

Siku ya kupanda

Panda kati ya wiki ya kwanza na ya tatu ya mwezi wa nane wa mwaka wa pili. Watu wengi wanapanda mwezi wa tano na klova inaota vizuri, wanapiga picha, halafu magugu na jua la Julai vinaikuta ikiwa na mizizi ya sentimita tano. Ikipandwa Agosti inapata usiku wa baridi, mvua za mwisho wa kiangazi, na wiki za kutosha kujishikilia kabla ya barafu. Usichelewe kupita mwisho wa mwezi, maana mche mdogo ukikutwa na barafu unainuliwa na kung'olewa.

Subiri utabiri wa mvua ya kweli, siyo manyunyu. Sogeza mabua yaliyobaki kwa reki au haro nyepesi mpaka uone udongo katikati yake. Kwanza rusha oti kilo 5, nazo uziburuzie zifunikwe. Hizi ni za kukinga miche na kuwapa kulungu kitu cha kutafuna kwa sasa. Kisha gandamiza ardhi kabla ya klova. Hii hatua watu wanairuka na ndiyo inayoua mashamba ya mchangani. Tembea juu yake kwa kiatu cha kawaida: kisigino kikizama zaidi ya sentimita moja, bado ni laini. Pitisha roli, na kama huna, endesha ile pikipiki ya magurudumu manne mstari kwa mstari, tairi lipite kila mahali. Inachosha na majirani watakushangaa.

Ndipo urushe klova na chikori. Mbegu ni ndogo mno, hivyo zichanganye na ndoo ya mchanga mkavu ili mashine ya kuzungusha kwa mkono isizimwage zote pembeni. Gawa mchanganyiko mafungu mawili: moja ukitembea mashariki-magharibi, la pili kaskazini-kusini. Rusha, halafu gandamiza tena. Usifukie kwa reki wala haro. Klova inataka kuwa chini ya nusu sentimita, na ukiona baadhi ya mbegu ziko juu zimebanwa tu ardhini, umefanya sawasawa.

Utasikia pia habari ya kurusha mbegu mwezi wa tatu juu ya theluji inayoyeyuka, ili ardhi ikiganda usiku na kulegea mchana imeze mbegu yenyewe. Kwenye udongo mzito unaopasuka nyufa inafanya kazi vizuri sana. Mchanga haupasuki hivyo na unakauka upesi, kwa hiyo naitumia kuziba mapengo tu, siyo kuanzisha shamba.

Wiki sita baada ya kuota, ng'oa mche mmoja kwa beleshi, usiuvute kwa mkono. Suuza mizizi kwenye ndoo. Utaona vinundu vidogo, vingine vya ukubwa wa kichwa cha pini. Kipasue kimoja kwa ukucha: ndani kikiwa cha waridi, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au cha kijani, au hakuna vinundu kabisa, rudi kwenye kipimo cha pH kabla ya kulaumu mbegu.

Kuwazuia wale unaowaita

Robo ekari ni sahani ndogo. Mahali penye kulungu wengi wanaweza kuimaliza miche kabla haijapata jani la nne. Uzio wa muda wa umeme unatosha, wa nyuzi tatu: mmoja nje kwa urefu wa sentimita 45, na miwili ndani yake umbali wa mita moja hivi, wa chini kwenye sentimita 25 na wa juu kwenye 60. Kulungu anaweza kuruka juu sana, lakini kupima umbali na urefu kwa pamoja kunampa shida, na anasita. Uondoe wiki chache kabla ya kuwinda.

Hata usipoweka uzio, weka kizimba kimoja: waya wa kuku uliozungushwa duara la mita moja, ukachomekwa chini katikati ya shamba. Ndani ya kizimba ndiko utakakojua klova yako inakuaje. Nikiona ndani imefika gotini na nje imenyolewa, najua sina tatizo la udongo, nina tatizo la wageni. Ndani na nje kukiwa kufupi sawa, tatizo ni udongo au ukame.

Mwezi wa tisa na wa kumi mbegu za mialoni zikidondoka, usishangae shamba likiwa tupu. Mwaka ambao mialoni imezaa, kulungu wanahamia chini ya miti. Watarudi zikiisha.

Sheria

Kwenye rasi ya chini ya Michigan (Lower Peninsula), ambako ndiko tuliko, kuweka chambo cha kulungu kumepigwa marufuku tangu 2019, kwa ajili ya ugonjwa wa kudhoofika ambao uligunduliwa kwa kulungu wa mwituni wa jimbo hili mwaka 2015. Kumwaga mahindi, karoti au viazi sukari ni kosa. Mmea uliopandwa na kuachwa umesimama pale ulipoota si chambo. Lakini ukifyeka mahindi ya kwingine ukaja kuyalaza kwenye klova yako, hayo ni mengine. Jiwe la chumvi nalo acha dukani. Kanuni zinabadilika, hivyo pakua kijitabu cha mwaka huo kutoka idara ya maliasili ya jimbo kabla ya Oktoba mosi, msimu wa upinde unapoanza.

Miaka inayofuata

Nyasi zitaingia, hilo lijue. Klethodimu inaua nyasi na kuacha klova na chikori. Ipige nyasi zikiwa fupi na zinakua, siyo zimekauka kwa jua. Usikosee ukachukua 2,4-D, hiyo itakuachia nyasi na kuiumiza au kuiua klova.

Kufyeka kunasaidia dhidi ya magugu marefu, ila kwa mchanga kuna masharti. Usifyeke kabla ya katikati ya Julai, kwa kuwa watoto wa kulungu wanazaliwa mwisho wa Mei na Juni na wanajilaza kimya kwenye majani bila kukimbia. Usifyeke wakati wa ukame hata kama magugu yanakuudhi. Na usishuke chini ya sentimita 15. Ukitoka humo jikague kupe, nyuma ya magoti na kwenye mkanda wa suruali, wapo wengi.

Potashi igawe mara mbili, nusu mwezi wa sita na nusu mwanzoni mwa wa tisa. Klova ikianza kuonyesha vidoti vyeupe pembeni mwa majani ya zamani, imekwisha kukudai.

Mwaka wa tatu au wa nne nyasi zitakuwa zimezidi klova, na hapo usiendelee kuitibu. Klova imeshaacha naitrojeni ya kutosha ardhini na nyasi ndizo zinazoifaidi. Iue yote mwezi wa saba, rusha rai mwishoni mwa Agosti ili iile hiyo naitrojeni, na klova uihamishie kipande cha pili, ambacho ulipaswa kukimwagia chokaa tangu mwaka uliopita.